Miji Aliyoitoa Mzee Saadia

Usingizi humjia Mzee Saadia mchana, na hauji kwa adabu. Haupigi hodi. Unamkuta kitini mbele ya kabati la vioo, kitabu mapajani, miwani puani, na kabla hajakunja mguu umeshamtia kapuni. Leo amejiapiza hatalala. Ana neno la kuamua kabla jua halijazama, na jua la Lushoto, wanaolijua wanalijua, likitaka kujificha nyuma ya milima linajificha tu, ukungu ukilisindikiza. Asubuhi amekuja Mazali, binti wa marehemu ndugu yake Nahumu, amesimama mlangoni na ndala zenye tope, amekataa chai. Ami, amesema, leo jioni inaingia Siku ya Upatanisho, na sisi tuko tisa. Saadia amejifanya anapangusa miwani. Kwa Wayahudi wachache wa mji huu, ambao babu zao walitoka Yemeni na nyundo za kufulia fedha wakanasa milimani kwa kupenda baridi yake, kuna sala zisizosemwa mpaka wapatikane watu kumi, na mojawapo ni ile ya mtoto kumwombea mzazi aliyefariki. Nahumu ndiye aliyekuwa wa kumi. Tangu wamzike, binti yake hajamwombea hata mara moja, kwa kuwa kifo chenyewe ndicho kilichopunguza hesabu. Mwingine wa kuijaza yuko mmoja tu mji mzima, naye tangu afiwe na mkewe Yokebedi amejifungia na vitabu vyake, harusini haendi, na hata kwenye matanga ya ndugu yake alikaa kidogo akaaga. Njoo, Ami, amesema Mazali, na uje na kile kitabu cha Livorno, vya kwetu vimeliwa na mchwa. Saadia amejibu kwamba karatasi ya zamani vile haipendi moshi wa mishumaa wala pumzi za watu. Mazali amemtazama. Kwani kilichapwa kwa ajili ya nani, Ami, kwa ajili ya mende? Amekwenda zake, na alipofika kwenye ua amegeuka na kusema, tutakusubiri mpaka jua lizame.

Kitabu chenyewe ndicho hiki kilicho mapajani, sala za siku hiyo ya mfungo, kimechapwa Livorno kule Italia enzi za kupanga herufi kwa mkono, moja moja. Anavyo vingine kabatini, vya Venisi, vya Amsterdamu, kimoja kiliokolewa motoni na kingo zake bado nyeusi, lakini hiki ndicho kipenzi chake, na si kwa uzuri. Ni kwa nasaba. Wakusanyaji wa vitabu vitakatifu vya zamani ni watu wa namna yao. Kwao, kitabu kisichojulikana kimepita mikononi mwa nani ni mtoto wa kuokotwa, hata kiwe na dhahabu mgongoni. Hiki si cha kuokotwa. Kwenye karatasi yake ya kwanza wamejiandika wote waliokuwa nacho, mmoja chini ya mwenzake, na kwa desturi ya kale hakuna aliyethubutu kusema kitabu hiki ni changu. Kila mmoja amekiri kwanza kwamba vitu vyote ni vya Mwenyezi Mungu, kisha akasema mimi nimeshikishwa tu. Nimeshikishwa, Simha mjane, Livorno. Nimeshikishwa, Hakimu Sasoni, Baghdadi. Nimeshikishwa, Reuma, wa Kochi, Bara Hindi. Nimeshikishwa, Zekaria mfua fedha, Adeni. Chini ya Zekaria pana nafasi ya mstari mmoja, na ni tupu, maana mkusanyaji mwenye akili zake hatii wino mpya kwenye karatasi kama ile. Saadia anapitisha kidole juu ya majina, hayagusi, anapitisha hewani tu. Nitasoma ukurasa mmoja, anajiambia, halafu nitaamua. Anasoma nusu mstari. Kioo cha kabati kinashika ukungu kwa ndani, anainuka kukipangusa, mkono unapita, bega linapita, na Mzee Saadia mzima mzima, kitabu kwapani, anaingia ndani ya kabati lake na kutokea upande wa pili.

Upande wa pili kuna barabara, na barabara inatoka kulia kwenda kushoto, kama Kiebrania kinavyosomwa. Anaifuata. Anafika mwisho wake na kumbe mwisho ule ni mwanzo wa nyingine, chini kidogo ya ile ya kwanza, nayo inatoka kulia kwenda kushoto, na ikiisha iko nyingine chini yake, na nyingine, hata anasahau ameanza lini kutembea. Pande zote mbili kuna nyumba. Kila nyumba ina sauti za watu ndani, kijiko kinagonga bakuli, mtoto anakohoa, mtu anacheka kicheko cha baada ya kula, na kila mlango umefungwa. Anapiga hodi kwenye huu, sauti zinanyamaza. Anapiga hodi kwenye ule, taa inazimwa. Saadia amezoea kuwa peke yake, mwenyewe husema ni mtu wa kuipenda nafsi yake, lakini huku anaogopa kama mtoto aliyepotea gulioni. Hapo ndipo anapomwona mtu amesimama katikati ya njia, kanzu nyeupe, mikono nyuma. Anamkimbilia. Mahali pa uso wake hapana kitu. Ni peupe tu, kama karatasi ambayo mashine ya kuchapia imeiruka. Samahani, ndugu, anasema Saadia, njia ya kurudi Lushoto ni ipi? Yule mtu anajibu, kitendawili. Na Saadia, ambaye ulimi wake una umri wa miaka saba wakati miguu yake ni ya mzee, anajikuta ameshaitika: tega.

Mgeni wangu nampenda, nimemfungia kwa kufuli asiibwe, anakufa kwa njaa. Saadia anafikiri. Ni kasuku, anasema. Sicho. Ni nyuki kwenye mzinga. Sicho, nipe mji. Basi, kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba kutoa mji hakuumi. Watoto hugawa Misri na Bombei wakiwa hawana hata kaptula ya kubadilisha. Saadia anacheka, anatafuta mji wa mbali asiokuwa na ndugu, na anasema nakupa Livorno. Yule asiye na uso anainamisha kichwa. Nimekwenda Livorno, anasema, nimekula, nimekunywa, nimelala kitanda cha Simha mjane, na huyo mgeni wangu ni kitabu kabatini. Saadia anaacha kucheka. Anafungua kitabu pale pale njiani. Karatasi ya kwanza inaanzia kwa Hakimu Sasoni. Mstari wa juu yake umekuwa mweupe, hata kovu la kalamu halipo. Jina la kwanza katika nasaba, jina alilolitafutia uhakika miaka na miaka, limekwenda kama jasho. Rudisha, anasema. Mwenzake ameshageuka na kushika njia, na Saadia hana la kufanya ila kumfuata.

Wanaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo. Mitaa inajitazama, minara inajitazama, na juu ya kila mnara kuna mnara mwingine uliogeuzwa kichwa chini. Saadia anapita akitafuta sura yake viooni na haioni. Anachokiona ni chumba chake, kiti chake, na kitini hapo mzee amelala kinywa wazi, na kila ukuta una mzee huyo, amelala, amelala, amelala, mji mzima. Anaona aibu, kwa jinsi mzee yule alivyo peke yake. Hapa ni Baghdadi? anauliza. Kitendawili, anajibu asiye na uso. Safari hii Saadia hataki kusema tega, anauma midomo, neno linatoka puani. Tega. Maji yangu haba, yakidondoka huyaoni, yakikauka ndipo yanapoonekana. Umande, anasema Saadia haraka. Sio. Chumvi ya bahari. Sio, nipe mji. Saadia si mjinga, anakumbatia kitabu kwa mikono miwili na kusema nakupa Korogwe. Yule mtu anatikisa weupe wake. Korogwe huna kitu, anasema, huko hushuki hata basi likisimama. Mji hutolewa na anayeupenda. Nakupa Tanga. Hapana. Nakupa Mombo na mishikaki yake. Mzee, usinichezee, nipe mji. Vioo vyote vinaanza kulia kwa mtetemo, wazee wote waliolala wanagugumia usingizini, na Saadia anafumba macho. Nakupa Baghdadi, anasema. Nimekwenda Baghdadi, anasema mwenzake kwa upole, nimekula, nimekunywa, nimekaa kiti cha Hakimu Sasoni, na maji hayo ni chozi kwenye karatasi. Hakuna kioo tena, hakuna mnara. Ni barabara tu, na Saadia hathubutu kufungua kitabu, anajua mistari imebaki miwili.

Anajaribu kumkimbia. Anageuka kurudi, kutoka kushoto kwenda kulia, na kutembea kinyume kule ni kazi, kila hatua inamsukuma kifuani kama maji ya mto. Anapambana hata anafika kwenye nyumba moja ambayo, ajabu ya Mungu, dirisha lake li wazi, na dirishani amekaa mwanamke wa makamo mwenye pete puani, anachambua mchele kwenye ungo. Ana uso. Uso mpana, wenye madoadoa, na Saadia anataka kulia kwa kuuona. Karibu, baba, anasema mwanamke, mbona unahema? Halafu anakiona kitabu. Ungo unainama, mchele unamwagika. Hicho ni changu, anasema, na hapo hapo anajirudi, anacheka, anashika mdomo. Tazama mimi. Nilishikishwa tu. Mimi ni Reuma. Ukurasa wa katikati una doa la nta, nililitia mimi, nilikuwa na mimba ya miezi minane na njaa ya mfungo, nikasinzia nimesimama, mshumaa ukainama. Mume wangu alinisema wiki nzima. Bado lipo? Lipo, mama, anasema Saadia, na kweli analijua doa hilo, mara ngapi amekaribia kulibandua kwa kisu chembamba akaona hapana, litaharibu herufi. Reuma anafurahi. Na siku ya leo anakisoma nani? anauliza. Saadia anasema kimehifadhiwa mahali pakavu, kwenye pamba, hakuna anayekigusa. Si hilo nililokuuliza, anasema Reuma, nimeuliza nani anakisoma. Wewe unaishi na nani, baba? Na vitabu, anasema Saadia. Reuma anamtazama kwa huruma ile ya wanawake wanaokaribia kukupakulia chakula. Ngoja, anasema, nikufungulie mlango uingie, humu ndani tuko wengi, utapata na...

Kitendawili, inasema sauti nyuma ya Saadia. Si sasa, anasema Saadia, nakuomba, ndugu yangu, si sasa, ananifungulia mlango. Kitendawili. Tega. Mlango wangu unagongwa, mwenye nyumba yumo, nyumba ni tupu. Jibu hili Saadia analijua. Linamjia lote kwa mara moja, na linamchoma, maana mtu yule ni yeye, ni yeye wakati watu walipokuja kumpa pole ya Yokebedi akakaa nyuma ya pazia akihesabu pumzi zake mpaka waende, ni yeye jana, ni yeye asubuhi ya leo, alipomfungulia Mazali mlango na asimfungulie kingine chochote. Anafungua kinywa kulisema. Lakini Reuma anasikiliza, ameshika komeo, na Saadia anaona aibu kulisema neno hilo mbele ya mama huyu mkarimu. Anaona afadhali kushindwa kuliko kujulikana. Sijui, anasema, na kabla hajafikiri ameshasema nakupa Kochi. Komeo linagonga chini. Dirisha halipo, ungo haupo, na punje za mchele zilizomwagika njiani zinayeyuka moja moja. Saadia anapiga magoti kuzikusanya, anapata moja, anaifumbata, anafumbua mkono, hakuna kitu. Analia hapo, waziwazi, mzee wa watu, kamasi mpaka kwenye ndevu. Adeni anaitoa hata bila kusikiliza kitendawili. Chukua, anasema, chukua na Zekaria, chukua na nyundo zake, niache.

Sasa kitabu hakina nasaba. Kiko mikononi mwake na karatasi ya kwanza ni nyeupe juu mpaka chini, kama uso wa yule mwenzake, na Saadia, aliyeamini maisha yake yote kwamba anawatunza watu wale, anaelewa kwamba hakuna aliyewahi kuwapoteza upesi kama yeye. Yule mtu anachutama karibu naye. Kwa mara ya kwanza sauti yake ina uchovu. Bado kimoja, anasema. Sina mji, anasema Saadia. Unao. Haumo kitabuni lakini unao. Na kwa mbali, mwisho wa barabara, Saadia anauona, mji mdogo chini ya ukungu, mabati, moshi wa kuni, kilima, na juu ya kilima kile chumba cha sala chenye mlango wa kijani ambao Nahumu aliupaka rangi kwa mkono wake. Mlangoni kasimama Mazali, anatazama njiani huku amejikinga macho kwa kiganja. Saadia anaelewa kitakachotokea. Akishindwa hiki, hakuna atakayesimama mlangoni tena, hakuna atakayemwombea Nahumu, na yeye atabaki katika barabara hizi akitoka kulia kwenda kushoto, milango imefungwa, taa zikizimwa. Kitendawili, anasema yule mtu. Tega, anasema Saadia. Chungu changu kiko jikoni, kuni zipo, maji yapo, wenyewe wamekizunguka, hakichemki mpaka aje mmoja. Pua inamchuruzika, hajali. Ni sala, anasema Saadia, ni sala ya watu wa kwetu. Na huyo mmoja? Huyo mmoja ni mimi, anasema. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya pazia pia, lile la mlango nilikuwa nalijua, nilikudanganya. Yule mtu anainamisha kichwa. Umepata, anasema. Basi mimi leo sina mji wa kwenda. Anainuka, anajipangusa vumbi, na Saadia, ambaye hajamhurumia mtu siku nyingi, anataka kumuuliza atalala wapi, lakini ukungu unajaa puani, unanuka karatasi, na anapiga chafya.

Amekaa kitini. Miwani imeanguka, kitabu nacho kimeanguka, kimelala kifudifudi sakafuni, jambo ambalo kwa kitabu kitakatifu ni aibu, na anakiokota na kukibusu kama alivyofundishwa utotoni, pajani mwa mama yake. Mkono unaelekea kwenye karatasi ya kwanza. Anataka kuhakikisha. Mwanga wa dirishani ni wa kijivu, nao unaweza kuwa wa jua linalozama na unaweza kuwa wa jua linalochomoza, na kama ni linalochomoza basi usiku umepita, wamemsubiri, wametawanyika. Muda wa kuhakikisha haupo. Anakifunika kitabu kwa kanga ya marehemu Yokebedi na kutoka mbio za kizee, mlango ameuacha wazi. Njiani ukungu ni mzito, nyumba hazionekani, zinasikika tu, kijiko na bakuli, mtoto anakohoa. Anakutana na mama aliyebeba kikapu cha pea kichwani. Mama, anamuuliza, jua linazama au linachomoza? Yule mama anasimama, anacheka hadi kikapu kinacheza. Jua lipi, mzee wangu? Leo hatujaliona kabisa tangu kulipokucha. Naye anapita, na ukungu unamfuta, na Saadia haoni vizuri kama alikuwa na uso au ni kivuli cha kikapu. Anapanda kilima. Anataka kuamini mawe kwa kuwa yanamuumiza miguu, lakini hata kule kuna kitu kilimuumiza.

Mlango wa kijani uko wazi. Ndani mishumaa inawaka, na watu wamejifunika vitambaa vyeupe vya sala kuanzia kichwani, wameinama, nyuso zao hazionekani. Saadia anasimama kizingitini. Anakumbuka kwamba siku hii hawavai ngozi miguuni, anavua viatu, saruji inamuuma kwa baridi. Hakuna anayegeuka. Wanahesabiana, na kwao mtu hahesabiwi kwa tarakimu, ni mwiko. Huhesabiwa kwa aya ya kale yenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Anayehesabu anapita taratibu na kumgusa kila mmoja begani, huyu neno lake, huyu neno lake, sauti ikizidi kuwa ndogo kadiri anavyokaribia mwisho, kama mtu anayejua mfuko una nini kabla hajautia mkono. Neno la tisa linaangukia kwake mwenyewe. Linabaki moja. Analiacha kinywani. Kitambaa kinainuka kidogo, kinaelekea mlangoni, na mkono mwembamba wenye baridi unakuja kutua begani kwa Saadia. Milele, anasema, na ni sauti ya Mazali. Ingia, Ami, uko kwenye upepo.

Mazali anakichukua kitabu mikononi mwa Saadia, anakifungua mezani katikati ya mishumaa bila kuitazama karatasi ya kwanza, na Saadia naye haitazami. Sala zinapita, ndefu, za watu wenye njaa inayoanza. Kisha wote wananyamaza, na Mazali, peke yake, anaanza ile ya baba yake. Anaanza vibaya, sauti inakatika, hajawahi kuisema. Anaanza tena. Sala ile haina maana isipojibiwa. Anayeomba hufika mahali akasimama, akangoja wenzake wamwitikie. Mazali anafika mahali pale. Anasimama, anangoja. Saadia hajui kama yuko kilimani au kitini kinywa wazi, hajui kama ni jioni au asubuhi, hana hata namna ya kujua. Amina, anajibu kwa nguvu, kabla ya wenzake wote, na kama ni ndotoni basi Amina ya ndotoni nayo ni Amina, na Mazali akisimama tena mbele kidogo, anamjibu tena.